Kasongo–Kabambare: Amotisa ikivunjika, anayelipa ni abiria

Kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, gari huanza kufa kutoka chini. Injini inaweza kunguruma vizuri na bodi ikawa imepakwa rangi mpya, lakini amotisa zikishalegea, gari hilo ni debe linalorushwa. Mashofeli wanajua. Mafundi wa garaji wanajua. Abiria aliyekaa nyuma juu ya magunia anajua kuliko wote, maana mgongo wake ndio unaofanya kazi ya amotisa.

Kila mwaka jibu ni lilelile: barabara ni mbovu. Ni kweli, wala hakuna mkaaji wa kusini mwa Maniema atakayebisha. Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Mvua ikinyesha ni matope, na jua likiwaka ni vumbi na mashimo. Lakini jibu hilo moja limekuwa kifuniko cha mambo mengi. Magari mawili ya aina moja hupita barabara hiyohiyo. Moja hurudi salama, lingine hulala porini siku kadhaa likisubiri vipuri kutoka mbali. Barabara ni moja, kwa hiyo tofauti iko mahali pengine.

Tofauti hiyo iko kwenye mzigo, mwendo na uangalizi. Nyuma ya mzigo kuna barieri na vesema, mambo ambayo shofeli hana mamlaka nayo peke yake. Ndiyo maana suala la amotisa haliwezi kuachiwa mafundi. Ni suala la wenye magari, wakubwa wa teritware, machifu, na zaidi ya wote familia zinazosafiri, zikiwemo zile zilizokimbia vita.

Kwanza inafaa kuelewa kazi ya amotisa, kwa sababu wengi wanadhani ndiyo inayobeba uzito. Uzito unabebwa na resori. Gurudumu likiingia shimoni resori hujikunja, kisha hutaka kuruka juu na kuendelea kuchezacheza. Amotisa kazi yake ni kuishika resori isicheze. Ndani yake mna mafuta, na mna kipande cha chuma kinachopanda na kushuka kikiyalazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Kule kulazimishwa ndiko kunakotuliza mrusho, na mrusho uliotulizwa hugeuka joto. Ndiyo maana amotisa iliyotoka kazini huwa na joto ukiigusa.

Joto hilo likizidi, mafuta hulegea kama uji uliotiwa maji mengi, huchanganyika na povu, na hupita kwenye vitundu bila kuzuiliwa. Mpira unaozuia mafuta yasitoke hukauka na kupasuka. Hapo mafuta huanza kuchirizika, vumbi hushikamana nayo, na amotisa inabaki bomba tupu. Mambo hayaishii hapo. Gurudumu linaloruka haligusi ardhi vizuri, hivyo breki hazishiki kwa wakati na usukani unakuwa mwepesi mahali pasipotakiwa. Mpira wa gurudumu unalika vipandevipande, bolti zinalegea, resori zinakatika. Ajali inayosemwa kuwa ni ya breki mara nyingine ilianzia kwenye amotisa iliyoachwa ivuje tangu kiangazi.

Sasa, nini kinaziua? Cha kwanza ni mzigo. Gari likijazwa kupita kiasi, resori hukaa zimekunjwa tangu mwanzo wa safari. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na kila shimo hugongesha chuma kwa chuma. Wengine hudhani wamemaliza tatizo kwa kuongeza vyuma vya resori. Resori zilizoongezwa zitabeba, lakini zinaruka kwa nguvu kubwa zaidi, na amotisa iliyotengenezwa kwa resori za kwanza haiwezi kuzishika. Ni kama kumpa mtoto fahali amshike kamba.

Cha pili ni mwendo. Wakati wa kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, udongo mwekundu hukauka na barabara hufanya mikunjo kama bati la kuezekea nyumba. Mikunjo hiyo haikuletwa na mvua wala na Mungu. Gurudumu linalopita kwa kasi juu ya udongo mkavu uliolegea huruka kidogo, likitua husukuma kilima kidogo cha udongo, na gurudumu linalofuata huruka zaidi kwenye kilima hichohicho. Magari yakienda polepole, mikunjo haijengeki kwa urahisi. Kwa hiyo shofeli anayekimbia ndiye anayepanda mbegu ya kitu kitakachomvunjia amotisa mwezi unaofuata. Wako wanaosema kwamba ukikimbia sana hausikii mikunjo. Hausikii kwa sababu magurudumu yanagusa vichwa vya mikunjo tu, na wakati huo breki na usukani vimebaki hewani, na amotisa inapigwa mara nyingi zaidi kwa kila sekunde.

Cha tatu ni uchafu. Fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye amotisa lazima iwe laini kama kioo. Matope yakikauka juu yake, kila safari yanasugua kama msasa, na mkwaruzo mmoja unatosha kuukata mpira wa mafuta. Kauchu za juu na chini, zile zinazoshika amotisa kwenye gari, nazo zikiisha, chuma hupiga chuma hadi sehemu ya kushikia inakatika. Kauchu ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini kikipuuzwa kinaangusha kitu kikubwa.

Pikipiki nazo ziko katika hesabu hii, maana kwenye vijia vingi vya Kabambare ndizo gari, ndizo lori, na ndizo ambulansi. Motari anapakia abiria wawili, wakati mwingine watatu, pamoja na gunia au bidoni za mawese. Amotisa mbili za nyuma hukaa zimekunjwa njia nzima. Mbele, mafuta ya kwenye mikono ya gurudumu huvuja kwa sababu matope yameukata mpira. Motari wengi hufunga kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu kuzuia matope. Ni wazo zuri, mradi kifunguliwe na kuoshwa. Kikiachwa mwezi mzima, kinayafungia matope ndani badala ya kuyazuia nje.

Kuzuia uharibifu huu hakuhitaji garaji ya mji mkubwa. Kwa gari dogo, kandamiza kona moja kwa nguvu kisha uachie. Likipanda na kutulia, amotisa ni nzima. Likiendelea kucheza, imechoka. Kwa kamio au Land Cruiser mikono haitoshi, lakini kuna njia nyingine: baada ya safari, gusa kila amotisa kwa uangalifu. Ile iliyo baridi wakati wenzake wana joto haikufanya kazi. Angalia kama mafuta yanachirizika. Angalia kauchu na ukaze bolti. Osha matope siku hiyohiyo, kabla hayajakauka.

Upepo wa magurudumu nao una neno lake. Wengi hujaza kupita kiasi ili mpira ubebe mzigo zaidi. Mpira mgumu kama jiwe hauli hata kokoto moja. Kila pigo unalipeleka juu kwenye amotisa. Lakini upepo ukiwa kidogo mno chini ya mzigo mkubwa, mpira unapata joto na kupasuka. Kipimo sahihi mara nyingi kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa shofeli, na kifaa cha kupimia ni rahisi kuliko mpira mpya.

Na wakati wa kubadilisha, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Mpya na kuukuu zikikaa ubavu kwa ubavu, gari linakuwa na mguu mmoja mzima na mmoja kilema. Amotisa iliyolala dukani muda mrefu isimamishwe wima na kusukumwa kwa mkono mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa itoke ndani ya mafuta. Fundi anayeruka hatua hiyo kwa haraka anampa mteja piesi mpya inayofanya kazi kama iliyochoka.

Mpaka hapo, shofeli atauliza: nikipunguza mzigo nitakula nini? Swali hilo ni la haki, na hapa ndipo maneno ya kawaida kuhusu “uzembe wa mashofeli” yanapokwama.

Shofeli wengi na motari wengi hawamiliki chombo wanachoendesha. Mwenye chombo anangoja vesema, fedha iliyopangwa, iwe mvua iwe jua. Kinachozidi ndicho cha shofeli. Katika mpango huo, gunia la ziada ni faida ya shofeli leo, na amotisa iliyovunjika ni hasara ya mwenye gari kesho. Kila mmoja anaangalia upande wake, na gari linakufa katikati. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye gari aliyeketi Kasongo hausikii uzito wa magunia, na shofeli aliye njiani hausikii uzito wa bei ya piesi.

Juu ya vesema kuna barieri. Mashariki mwa Kongo barieri imekuwa biashara inayojulikana. Mwaka 2017, uchunguzi wa taasisi ya IPIS ulihesabu karibu barieri 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na watu wa kusini mwa Maniema hawahitaji kufafanuliwa barieri ni kitu gani. Jambo moja halisemwi vya kutosha: malipo ya barieri kwa kawaida hufuata chombo, hayafuati kilo. Gari lenye magunia kumi na gari lenye magunia thelathini husimamishwa kwenye kamba ileile. Basi shofeli mwenye akili atafanya nini? Atapakia yote katika safari moja ili alipe mara moja. Kila barieri isiyo halali inapozaliwa, inaongeza gunia juu ya gari. Gunia linavunja amotisa, kamio lililojaa linachimba barabara, na barabara iliyochimbika inavunja amotisa za wengine wote. Anayeshika kamba ya barieri anavunja magari bila kushika nyundo.

Hata hivyo, hesabu ya kujaza gari haimfaidishi shofeli kama inavyoonekana. Tuseme anaongeza magunia matano kila safari. Baada ya safari nne amepata nauli ya magunia ishirini. Safari ya tano amotisa mbili zinakatika. Analipa piesi, analipa fundi, anakula njiani siku zote anazongoja, na siku hizo hapati hata nauli ya gunia moja. Kila mwenye gari aandike hesabu hiyo kwenye daftari kwa bei za Kasongo za wiki hii, aone mwenyewe kilichobaki. Wakiisoma pamoja, mwenye gari na shofeli wanaweza kukubaliana jambo rahisi: sehemu ndogo ya kila vesema iwekwe kando kwa ajili ya amotisa, kauchu na magurudumu, na mzigo uwe na kikomo ambacho wote wawili wamekitia sahihi. Shofeli aliyerudisha gari zima apate kitu. Bila hivyo, kumwambia apunguze mzigo ni kumwambia afunge saumu peke yake.

Kikomo cha mzigo si kitu kigeni katika nchi hii. Katika karne ya 19, njia iliyotoka ziwa Tanganyika kupitia Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe ilikuwa njia ya misafara ya miguu, na misafara mingi ilikuwa ya dhuluma, ya pembe za ndovu na ya watumwa. Lakini hata katika misafara ya wapagazi wa ujira, mzigo wa mtu mmoja ulipimwa: frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Walijua kwamba mpagazi akivunjika, mzigo wote unabaki porini. Kama mgongo wa mtu ulikuwa na kipimo, gari la chuma nalo lina kipimo, na kimeandikwa kwenye karatasi zake.

Kwa nini jambo hili liwahusu waliohama? Kwa sababu wao ndio wanaosafiri bila uchaguzi. Mapigano ya upande wa Salamabila yamezifukuza familia nyingi katika miaka hii, na kila vurugu zikianza tena, watu hubeba watoto, vyungu na magodoro kuelekea mahali penye usalama. Siku ya namna hiyo hakuna mtu anayekagua amotisa. Mama mwenye mimba anapanda anachokipata. Mzee anakaa juu ya magunia ya mwenzake. Gari likivunjika katikati ya msitu, hasara yake haihesabiwi kwa franka. Ni usiku mmoja mahali pasipofaa kulala watu.

Hata siku za amani, bei ya amotisa inafika jikoni. Chumvi, sabuni na samaki wakavu wanaotoka upande wa ziwa hupita barabara hizi, na mchele na mawese ya Kasongo nayo hupita barabara hizohizo. Mfanyabiashara aliyelipa fundi mara mbili atarudisha gharama hiyo kwenye kibaba. Familia inayonunua chumvi kwa kipimo cha kijiko, na ambayo haimiliki hata kinga, inalipa sehemu ya amotisa ambayo haijawahi kuiona.

Basi wakubwa nao wana sehemu yao. Serikali iliunda mfuko wa matunzo ya barabara, FONER, mwaka 2008, na fedha zake zinatoka kwenye mafuta ya magari na peaje. Kila mtu anayenunua esansi anauchangia. Wakaaji wa Kasongo na Kabambare wana haki ya kuuliza ni kilomita ngapi za barabara yao zilizotunzwa kwa mchango huo, na jibu litolewe hadharani, kwenye redio, kwa majina ya vijiji. Mpango wa maendeleo wa teritware 145 nao ulitaja barabara za vijijini pamoja na shule na vituo vya afya. Kasongo na Kabambare zimo katika hizo 145.

Lakini kuna kazi ambayo haingoji Kinshasa. Adui mkubwa wa barabara ya udongo ni maji yaliyokosa njia. Mtaro ukizibuliwa kwa jembe na sepeto kabla ya mvua za Septemba, maji yanapita pembeni. Usipozibuliwa, maji yanatembea katikati ya barabara na kuigeuza mto. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kantonie wa vijijini, na ilipwe. Mashirika yanayosaidia waliohama yanaweza kuiweka katika misaada yao, yakichanganya wenyeji na wageni katika kundi moja, kila mtu kwa ujira wake. Salongo ya kijiji ni jambo jema, ila isigeuke adhabu ya waliokimbia vita, wakapewa majembe wao tu kwa sababu hawana wa kuwatetea.

Barieri ya mvua nayo irudishwe kwenye maana yake. Utaratibu wa kuyasimamisha makamio mazito baada ya mvua kubwa mpaka barabara ikauke ni wa busara, kwa sababu kamio moja lililojaa linaweza kuchimba kwa saa moja mfereji utakaowatesa watu mwaka mzima. Lakini barieri ya mvua inayofunguka kwa franka si barieri ya mvua tena. Isimamiwe na kijiji pamoja na shirika la raia, saa za kufunga na kufungua zitangazwe, na wagonjwa, wazazi wenye uchungu na watu wanaokimbia hatari wapite bila kuulizwa chochote.

Kuna watakaosema kwamba mahali penye bunduki, kuzungumzia kauchu na amotisa ni mchezo. Ni kweli kwamba amani ndiyo barabara ya kwanza. Lakini amani ikija leo, makamio yaleyale yatapita kwenye mashimo yaleyale, na ikichelewa, ambulansi itahitajika zaidi. Hakuna upande ambao gari bovu linawafaa raia.

Abiria naye ana sauti. Kabla ya kulipa nauli, ainame aangalie chini ya gari. Akiona mafuta yanachirizika kwenye magurudumu, au gari limelala upande kwa uzito, aulize. Akiuliza peke yake atachekwa. Wakiuliza kumi, shofeli atampigia simu mwenye gari. Kamati za waliohama na vyama vya akina mama wa soko vinaweza kufanya hilo kila siku ya soko, bila bajeti na bila ruhusa ya mtu.

Waswahili walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwenye barabara ya Kabambare, ufa ni tone la mafuta kwenye amotisa, na ukuta ni familia iliyokwama njiani. Tone hilo linaonekana leo kwa anayeinama kuliangalia.